Mjengee Cherehani Kabati, Usimfukuze Sebuleni

Mdogo wangu wa Nkuhungu hapa Dodoma, swali lako ni la wengi. Sebule ni moja, watoto wanafanyia hapo hapo kazi za shule, majirani wanabisha hodi wakati wowote, na cherehani yako ya Butterfly imekaa kati ya sofa na televisheni huku vipande vya vitenge vimetapakaa chini. Unaona aibu wageni wakija, lakini unahofia kwamba ukiihamishia chumbani hutaigusa tena. Hofu yako ni ya kweli, mpenzi. Cherehani iliyobanwa nyuma ya kitanda huishia kutundikiwa nguo za kupigwa pasi. Iache sebuleni, ila ijengee kabati.

Wala hutakuwa wa kwanza. Tangu karne ya 19 Singer waliuza cherehani zilizokaa ndani ya makabati ya mbao: kichwa kinalazwa chini, mfuniko unafungwa, mgeni anaona meza nzuri tu. Hata hiyo yako, chungulia nyuma ya kichwa utaona bawaba mbili. Ndizo zinazokiwezesha kulala. Kilichobaki ni fundi seremala anayekuelewa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kabati lifunguke upesi, kwa mikono yako miwili, bila kuhamisha kitu. Nimeona makabati mazuri ya mninga yaliyowekewa juu yake televisheni, redio, maua ya plastiki na kitambaa cha kufuma. Mwenye nyumba akitaka kupunguza suruali ya mtoto anaanza kwanza kuhamisha vitu, anachoka, anaahirisha. Mteja wa sare za Januari hawezi kungoja hayo. Juu ya kabati lako pasiwekwe kitu chochote kisichoondoka kwa mkono mmoja, na nyumba nzima ilijue hilo.

Mfuniko uwe na bawaba upande wa kushoto. Mafundi wengi watakuwekea kulia au nyuma kwa sababu hawajawahi kushona. Wewe unajua nguo huangukia kushoto, kwa hiyo mfuniko ukifunguka upande huo na kushikiliwa na mguu unaokunjwa, umepata meza ya ziada ya kubeba gauni zito la harusi lisivute sindano. Kichwa kikishasimama, kitako chake kilingane kabisa na uso wa meza. Kikizidi hata kidogo, kitambaa kinakwama pale pale kila ukipita.

Mbele weka milango miwili inayofunguka hadi mwisho, magoti yaingie na mguu uufikie ubao wa kukanyagia. Ndani ya milango hiyo pigilia misumari midogo ya kutundikia reli za nyuzi, mkasi na futikamba. Kina cha kabati kiwe kidogo kuliko upana wa mlango wa nyumba, maana wapangaji tunahama.

Kuhusu mbao, mfuko ukiruhusu chukua mninga, kwa sababu haupindi ovyo, na jua letu la Dodoma na ukavu wake hupinda mbao nyingi. Paini ya Sao Hill ni nyepesi na ya bei nafuu, nayo inafaa ikiwa imekauka sawasawa. Mbao za unga wa mbao uliogandishwa ziepuke hasa pale bawaba zinapokaa. Kichwa cha chuma kina uzito wa zaidi ya kilo 10 na kinatikisika muda wote wa kazi. Skrubu zitalegea na siku moja kitamwangukia mtu mguuni.

Kisha kuna vumbi letu. Kiangazi, upepo wa nyanda hizi ukianza, linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Vumbi likikutana na mafuta ya cherehani linaganda kwenye shato na mashine inakuwa nzito. Kabati linakusaidia hapa kuliko hata kwenye urembo, mradi fundi azungushe ukanda mwembamba wa sponji chini ya mfuniko. Futa kwanza kwa brashi kavu, halafu ndipo utie mafuta. Kabati likae karibu na dirisha upate mwanga, lakini ubavuni, lisielekee upepo moja kwa moja.

Kama una mota, toboa matundu nyuma ya kabati ili joto litoke, na chomoa waya ukutani kabla ya kulaza kichwa. Usiniambie utakumbuka kesho. Mtoto akifungua mlango na kukanyaga pedali ya umeme, sindano haina macho. Weka komeo juu, mahali asipofika. Kwa majirani wa ukuta mmoja, kata vipande vya tairi kuukuu uweke chini ya miguu ya kabati. Kelele itapungua sana usiku.

Wenye cherehani ndogo za plastiki, zenu hazina bawaba za kulaza. Mwambieni fundi atengeneze rafu inayokaa ngazi mbili, ya kushonea na ya kufichia. Ovaloki nayo ipate droo pana ya chini.

Na aibu uliyoniandikia, mdogo wangu, iache. Sare za wanao zimetoka kwenye mashine hiyo. Funga kabati kwa ajili ya vumbi, watoto na nafasi. Mgeni akikukuta unashona, endelea, mkaribishe chai.

Ukienda kwa seremala beba kichwa chenyewe, usimpe vipimo vya kukisia. Lipa nusu. Siku ya kuchukua, nenda na kipande cha kitenge, ukae hapo hapo karakanani ushone. Meza ikiyumba, aongeze mbao za kushikilia miguu kwa nyuma, nawe ushone tena mbele yake. Salio litoke mfukoni meza ikiwa imetulia.