Sukari ya Bandia na Kitasa cha Mwili

Kila mwanafunzi wa kemia anaijua glukosi. Ina ndugu yake, manosi: kaboni, hidrojeni na oksijeni zao ni sawa kwa idadi, ila kwenye kaboni ya pili kifungo kimoja kimeelekea upande mwingine. Nilipozifinyanga zote mbili kwa udongo na vijiti, mwenzangu wa dawati hakuweza kuzitofautisha. Mwili huzitofautisha mara moja.

Sasa tazama, msomaji. Mwilini mwetu zimo chembe zenye matawi, walizozieleza Ralph Steinman na Zanvil Cohn huko New York mwaka 1973. Ni askari wa doria: humkamata mgeni, humkatakata, kisha huchukua vipande mpaka kwenye tezi za limfu ili kuwaonyesha askari wenzao, yaani chembe T. Juu yao vimo vitasa, na kimoja, kiitwacho DC-SIGN, hushika manosi kwa msaada wa kalsiamu.

Hapo ndipo penye hila. Kirusi cha UKIMWI kimejifunika manosi tele. DC-SIGN hukishika, lakini mara nyingine hubebwa kikiwa kizima hadi kwa chembe T, ambazo ndizo kinazozitaka. Mwizi amepanda gari la polisi! Watafiti wa Uholanzi walilieleza jambo hili mwaka 2000.

Basi wanakemia, wakiwamo wa Milano na Grenoble, wameunda molekuli za kuiga manosi ili zikikalie kitasa kwanza, kirusi kikose pa kushika. Kwa nini wasitumie manosi yenyewe? Kwa sababu moja peke yake hushika kwa ulegevu mno, na minyororo ya sukari hukatwa na vimeng'enya. Kwa hiyo mahali pa sukari ya pili wameweka pete ya kaboni, isiyokatika upesi, tena wakatundika nakala nyingi kwenye shina moja, zishike pamoja kama vidole vya mkono.

Ugumu ulionivutia zaidi ni huu. Kitasa kingine, langerini, kilicho kwenye chembe za tabaka la juu la ngozi, nacho hupenda manosi; lakini chenyewe hukipeleka kirusi kikaharibiwe, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2007. Ukiziba vyote viwili, umemfunga mikono mlinzi mwema. Kwa hiyo molekuli huongezewa vipande vya pembeni ambavyo DC-SIGN huvipokea na langerini huvikataa. Kazi hii ingali ya maabara, na kinachotafutwa ni molekuli itakayokishika kitasa kimoja kwa nguvu na kukiacha cha pili huru.