Mbona Bibi Bado Anasuka Ukili?

Wapo wazee wetu wanaosahau jina la mjukuu, wanasahau hata kama wamekula, lakini ukiwapa ukili wanasuka bila kukosea. Hapo watu wa nyumbani husema, "Bibi anajifanya tu." Wengine hudhani ni uchawi. Sivyo. Ubongo una namna zaidi ya moja ya kutunza mambo.

Mtu anayejifunza kusuka au kuendesha baiskeli mwanzoni hufikiri kila hatua. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso hufanya kazi kubwa. Akirudia mara nyingi, mawasiliano kati ya chembe za ubongo huimarika, na kazi huongozwa zaidi na sehemu za ndani kabisa pamoja na ubongo mdogo ulioko kisogoni. Ndipo mikono huenda yenyewe huku mtu anaongea.

Kumbukumbu za matukio, kama vile nani alikuja jana, hutegemea sehemu nyingine, iliyo ndani, karibu na usawa wa masikio. Katika ugonjwa wa usahaulifu uitwao Alzheimer, mara nyingi hiyo ndiyo huharibika mapema.

Jambo hili lilionekana wazi kwa Mmarekani Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alipasuliwa ili kutibu kifafa, akaondolewa sehemu hiyo pande zote mbili. Tangu hapo hakuweza kutunza kumbukumbu mpya za matukio. Mtaalamu Brenda Milner wa Kanada alimpa kazi ya kuchora nyota akiitazama katika kioo tu. Kwa siku tatu makosa yake yalipungua, ingawa hakukumbuka kuwa aliwahi kuifanya kazi hiyo.

Basi, nyumbani tufanye hivi:

1. Tusimnyang'anye mzee kazi anazoziweza: kusuka, kuchambua mchele, kukunja nguo.
2. Vitu vyake vikae mahali pale pale kila siku.
3. Penye moto na kisu asiachwe peke yake. Mkono unajua kuwasha jiko, lakini yeye husahau kuwa limewaka.
4. Tusimtahini kwa maswali wala kumcheka.
5. Tumpeleke hospitali mapema. Usahaulifu mwingine hutokana na maambukizi, dawa, tezi ya shingo au huzuni kubwa, na huweza kutibika.

Bibi hajifanyi. Ni mgonjwa, na mikono yake bado ina kazi.