Kutembea Lamu: Uliza Maji Kwanza

Kabla ya kuvaa makubazi yako na kutoka, uliza swali moja: leo maji yanapwa saa ngapi? Mvuvi au nahodha yeyote pale gatini atakujibu papo hapo. Visiwani Lamu njia nyingi nzuri hupita ufuoni, na mara mbili kwa siku bahari huzichukua.

Ukikosa wa kumuuliza, tazama mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa yapata saa nne. Kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya wiki moja mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo yanapojaa. Hayo ni makadirio. Neno la mwisho ni la nahodha.

Anza na njia ya mjini Lamu hadi Shela, kilomita tatu hivi, mwendo wa dakika 45 bila haraka. Maji yakijaa, sehemu ya njia hiyo humezwa, nawe utakunja suruali au uzungukie ndani. Ukishaupita mji wa Shela na msikiti wake wa Ijumaa wa mwaka 1829, wenye mnara wa duara, unaanza ufuo mweupe wa yapata kilomita 12. Hauna kivuli wala duka. Tembea palipolowa, mchanga ni mgumu. Mkavu huzamisha kisigino. Wakati wa kusi utakwenda upepo ukikupiga usoni na kurudi ukikusukuma, jambo ambalo ni afadhali kuliko kinyume chake. Na ile milima ya mchanga nyuma ya ufuo usiichezee: huchuja mvua, na visima vyake ndivyo vinavyounywesha mji. Usitupe hata kifuniko cha chupa.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya kijiji cha Matondoni, kama saa mbili kutoka mjini kupitia mashamba ya minazi na miembe. Hapa adui ni jua, kwa hiyo toka mara baada ya sala ya alfajiri. Ufuoni mwa kijiji utawakuta mafundi wa majahazi wakitia kalafati: pamba iliyolowa mafuta inashindiliwa kwa patasi na nyundo kati ya mbao, kidogo kidogo, mpaka ufa hauonekani. Toa salamu, kaa, tazama. Picha iombe kwanza. Patana na mwenye mashua ya kurudia kabla hujaondoka mjini.

Takwa, kisiwani Manda, hutaka maji kinyume na Shela. Magofu hayo ya karne ya 15 hadi ya 17 hufikiwa kwa mkondo wa mikoko, na chombo hupita maji yakijaa. Tazama msikiti na kaburi lenye nguzo, kisha vuka kwa miguu hadi upande wa bahari kuu. Nahodha akisema turudi, rudi; ukikwama utasubiri kwenye matope pamoja na mbu.

Kila mahali funika mabega na magoti, na kwenye vichochoro mpishe punda, maana yeye hakupishi. Beba lita mbili za maji kwa kila mtu. Ukiwa na siku moja tu, chagua Matondoni.