Taa Inayowaka na Kuzimika

Katika likizo iliyopita nilipata somo la umeme nikiwa nimelala chali chini ya motokaa. Naona vema niwaeleze, hasa ninyi mnaosoma fizikia, nanyi wanafunzi wa zamani mliokwisha kununua magari.

Baba yangu mdogo, akaaye Fort Portal, anayo Toyota Celsior ya mwaka 1992. Gari la namna hii lilianza kuuzwa Japani mwaka 1989, na katika nchi nyingine liliitwa Lexus LS 400. Lina injini ya silinda 8, na ijapokuwa ni kuukuu, bado ni la fahari. Baba mdogo hulikodisha kwa maharusi, na fedha hizo ndizo zinazolipa karo yangu.

Mbele ya dereva kuna taa ndogo yenye herufi O/D OFF. Kazi yake ya kila siku ni kuonyesha kwamba gia ya 4 imefungwa. Lakini ikimetameta yenyewe, maana yake ni kwamba kompyuta ya giaboksi imeona kosa. Taa yetu ilimetameta leo, ikanyamaza siku tatu, ikarudi. Kila ilipometameta, gari lilikuwa zito kuondoka, kama mtu aliyejitwika gunia. Injini ikizimwa na kuwashwa tena, mambo yakawa sawa. Jumamosi moja ilimetameta mlimani, bibi arusi akiwa ndani.

Fundi mmoja alisikiliza habari hizo, akasema giaboksi imekufa, inunuliwe nyingine. Baba mdogo akaanza kutafuta mtu wa kununua ng'ombe wake wawili.

Nikamwambia, "Baba, naomba siku tatu."

Akanijibu, "Mwanangu, wewe umesoma vitabu, fundi amesoma magari. Lakini siku tatu si nyingi. Haya."

Jambo la kwanza nililouliza ni hili: taa huwaka lini? Chuma kilicholika hakiponi chenyewe. Kosa lijalo na kuondoka mara nyingi ni la umeme, nalo huamshwa na joto, au mtikiso, au maji. Basi nilikaa kando ya baba mdogo na daftari langu. Kwa siku mbili taa ilimetameta mara 5. Mara zote 5 tulikuwa tukipanda mlima au tukiondoka kwa nguvu. Gari lilipokuwa limesimama, hata mara moja haikuwaka. Tulitazama pia oili ya giaboksi: ilikuwa imefika kwenye alama, nyekundu, wala hainuki kuungua.

Jambo la pili ni kuiuliza kompyuta yenyewe. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye matundu. Tuliunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa waya mfupi, tukafungua ufunguo bila kuwasha injini, na swichi ya O/D ikiwa wazi. Taa ile ile ikaanza kusema kwa hesabu: mara 6, ikatulia kidogo, kisha mara 2. Namba 62 maana yake ni kwamba njia ya umeme ya solenoidi ya kwanza imekatika au imegusana mahali.

Solenoidi ni koili ya waya. Ipatapo umeme huvuta kipande cha chuma, na oili hupata njia nyingine. Giaboksi hii hubadilisha gia kwa solenoidi mbili tu. Ya kwanza ikiwa na umeme peke yake, ni gia ya 1. Zote mbili zikiwa nao, ni gia ya 2. Ya pili peke yake, ni gia ya 3. Zote zikikosa, ni gia ya 4. Mbili mara mbili ni nne! Sasa fikirini: ya kwanza ikikosa umeme, gia ya 1 na ya 2 hazipatikani, na gari huondoka kwa gia ya 3. Ndiyo sababu ya uzito ule.

Jambo la tatu ni kupima. Kwa kipima umeme nilichoazima kwa fundi wa redio, nilipata omu 13 katika koili gari likiwa baridi. Kipimo kizuri ni kati ya 11 na 15 katika joto la digrii 20. Baada ya safari ndefu nilipata omu 16. Je, imeharibika? Sivyo. Ukinzani wa shaba huongezeka kama 0.39 kwa mia kwa kila digrii. Giaboksi ikifika digrii 90, omu 13 huwa karibu 16 na nusu. Koili ilikuwa nzima.

Basi kosa lilikuwa nje, katika waya utokao kwenye kompyuta. Nilishika ncha zake mbili kwa kipima umeme, baba mdogo akautikisa taratibu, shubiri kwa shubiri. Karibu na ekzosi namba zikaruka, njia ikakatika. Ganda la waya lilikuwa limekauka kwa moto, na nyuzi za shaba ndani zimekatika karibu zote. Injini ikivuta kwa nguvu hujiinamisha kidogo, waya ukavutwa, umeme ukapotea.

Tulikata sehemu mbovu, tukaunga waya mpya kwa lehemu, tukaufunika na kuufunga mbali na ekzosi. Kisha tukatoa fyuzi ya EFI kwa muda ili kompyuta isahau kosa la zamani. Tangu siku hiyo gari limepeleka maharusi wanne, na taa haijametameta.

Wenzangu, simcheki fundi yule. Aliulizwa bei kabla ya kupewa nafasi ya kupima. Ninachosema ni kwamba ulizeni kwanza lini, kisha pimeni, ndipo mnunue. Ng'ombe wawili bado wako zizini, nami nimerudi shuleni.

Mwanafunzi wa Kidato cha 6