Ukweli Katika Fomu ya Bima ya Matibabu

Katika darasa letu limeulizwa swali ambalo twaona lafaa lijibiwe kwa kalamu, kwani wenye haja nalo ni wengi. Mtu ana maradhi ya sukari. Ataka kujiunga na bima ya matibabu, na katika fomu aulizwa kama ana maradhi ya kudumu. Wakala amwambia: "Andika huna, ndipo watakapokukubali." Je, yafaa?

Twajibu: haifai, na sababu zake ni tatu.

Ya kwanza ni ya dini. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye fungu la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vikapata unyevu. Mwenye mali akatoa udhuru kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilichorowa juu, watu wakakiona; kisha akajitenga na kila adanganyaye. Muuzaji yule hakutamka uongo, alifunika tu. Basi afichaye maradhi katika fomu amemzidi, kwani yeye ameulizwa waziwazi akajibu kinyume.

Ya pili ni ya sheria. Mapatano ya bima yamesimama juu ya uaminifu kamili. Lord Mansfield, hakimu wa Uingereza, alilieleza jambo hili tangu mwaka 1766, na sheria ya Kenya imelirithi. Kampuni haiujui mwili wako. Yategemea maneno yako. Ukificha jambo zito, yaweza kukataa kulipa siku ile ulazwapo hospitali. Hapo ada ulizotoa hazikukufaa kitu, na wanao ndio watakaouza vyombo vya nyumbani kulipa deni. Ukisema kweli, huenda ukaongezewa ada, au ukaambiwa ungoje muda, au ukakataliwa. Hata kukataliwa ni afadhali, kwani utajua mapema utafute njia nyingine.

Ya tatu ni haki ya wenzako. Baraza la Fiqhi la Jeddah mwaka 1985 liliikataa bima ya biashara, likaruhusu ya kusaidiana, ambayo ndiyo takaful. Katika takaful mfuko ni mchango wa wanachama. Adanganyaye humo ala mali ya Waislamu wenziwe, na huenda miongoni mwao wamo wajane na mayatima.

Njia nyingine ipo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imeshika pahala pa NHIF, nayo haimkatai mtu kwa maradhi yake. Lakini huko pia kuna maswali. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara huulizwa habari za nyumba na maisha yake, ili ukadiriwe mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye nyumba za kupangisha ajifanyaye fukara amemtwika fukara wa kweli mzigo wake.

Wengine husema: "Kampuni nazo hudhulumu." Dhulma ya mwenzio haihalalishi uongo wako. Ukidhulumiwa, peleka mashtaka kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima.

Basi ujazapo fomu, kaa na kadi zako za hospitali na dawa unazotumia. Soma kila swali hadi mwisho. Usilolijua, uliza daktari wako, usibahatishe. Tarehe usiyoikumbuka, andika kuwa ni ya kukisia. Wakala akikuandikia, akusomee kabla hujatia sahihi, kwani yeye ataondoka na sahihi itabaki yako. Weka nakala. Ukikumbuka baadaye ulilolisahau, iandikie kampuni upesi: kusahau si dhambi, bali kunyamaza baada ya kukumbuka ndiko kuficha.

Sisi twasali safu moja na kufunga mwezi mmoja. Tusiuache ukweli wetu mlangoni pa afisi. Wabillahi tawfiq.