Kuzitambua Setilaiti Angani: Somo kwa Anayeanza

1. Utangulizi

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa mahsusi kwa uchunguzi wa miale ya eksirei itokayo angani. Jina hilo limo katika historia ya elimu ya falaki, ilhali wengi wetu tunaoisoma lugha iliyolizaa hatuwezi kutofautisha setilaiti na nyota. Makala haya yanakusudia kumwelekeza anayeanza ajue ni setilaiti zipi zinazoonekana, huonekana lini, na hutafutwa vipi.

2. Kwa Nini Huonekana

Nyota huwaka, setilaiti huakisi. Tofauti ya vitenzi hivi viwili ndiyo msingi wa somo zima. Setilaiti haina nuru yake yenyewe. Huonekana pale tu mtazamaji anapokuwa gizani, nayo huko juu ingali inamulikwa na jua. Chukua mfano wa Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho huizunguka Dunia katika kimo cha takriban kilomita 400. Jijini Nairobi jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Kituo hicho kikipita juu ya utosi baada ya saa mbili usiku, huwa kimekwisha kuingia katika kivuli cha Dunia, nasi hatukioni. Kwa hivyo, wakati bora wa kutazama ni kati ya saa moja na saa mbili usiku, au kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri.

3. Zipi Zinaonekana

Ukubwa na umbali ndio huamua. Kituo tulichokitaja, kikipita karibu nasi, hung'aa kuzishinda nyota zote za usiku. Setilaiti za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa makundi mwaka wa 2019, huonekana siku chache baada ya kurushwa zikiandamana kama shanga katika uzi. Kinyume chake, setilaiti nyingi za matangazo ya televisheni zi umbali wa kilomita 36,000 hivi, nazo hazionekani kwa macho matupu. Hata Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, ilikuwa ndogo mno kwa macho yetu.

4. Namna ya Kutafuta

Tovuti ya Heavens-Above hutoa jedwali la setilaiti zitakazopita mahali utakapopataja. Zingatia mambo matatu:

(a) Mwangaza: kadiri nambari inavyopungua, ndivyo nuru inavyozidi. Anayeanza achague nambari zisizozidi 2.

(b) Kimo: hupimwa kwa digrii kutoka upeo wa macho. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama digrii 10.

(c) Upande wa dira: ujue itachomoza wapi na kuzama wapi.

5. Isikuchanganye

Ndege huwa na taa za rangi zinazowaka na kuzima. Kimondo hupita kwa kufumba na kufumbua. Sayari kama Zuhura huonekana imetulia pale pale. Setilaiti ni nukta ya nuru inayosafiri kwa mwendo usiobadilika kwa dakika kadhaa. Ikififia ghafla katikati ya anga, usidhani imeanguka: imeingia kivulini.

6. Hitimisho

Aghalabu husemwa kwamba Kiswahili hakitoshi kufundishia sayansi. Hata hivyo, kuakisi, kivuli, kimo na upeo wa macho ni maneno tuliyo nayo tangu jadi, na ndiyo yaliyolibeba somo hili. Linalobaki ni sisi kutoka nje jioni, kutazama, na kumweleza mwenzetu kwa lugha yetu kile tunachokiona. Wahenga walinena: macho hayana pazia.