Kidatu cha Sauti: Neno Lile Lile, Maana Nyingine

Tunaposema, nyuzi za sauti zilizomo kooni hutetemeka. Za mwanamume mzima hutetemeka mara 100 hivi kwa sekunde, na za mwanamke mara 200 hivi. Mitetemo ikizidi, sauti hupanda, ikipungua, hushuka. Kiwango hicho cha sauti huitwa kidatu. Lugha zote hukitumia, lakini si kwa kazi moja.

Mwanafunzi wa Singida aliyelelewa kwa Kinyaturu hukutana na kazi tatu za kidatu. Kinyaturu, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, ni lugha ya toni: kidatu ni sehemu ya neno lenyewe, sawa na irabu na konsonanti zake. Tena kina kanuni ya ajabu: toni ya juu iliyo mali ya silabi moja husikika katika silabi inayofuata.

Kiswahili hakina toni. Kina mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno yatofautianayo kwa mkazo tu ni machache: "barabara" ipitayo magari hukazwa katika silabi ya tatu, na "barabara" yenye maana ya sawasawa hukazwa katika ya pili. Kidatu ni chombo cha sentensi nzima, nacho huitwa kiimbo. "Mvua imenyesha" ikishuka mwishoni ni taarifa. Ikipanda ni swali.

Kiingereza nacho hutumia kiimbo kudhihirisha nia ya msemaji. "Sorry" ikishuka ni kuomba radhi. Ikipanda ni kuomba maneno yarudiwe. "Yes" ikishuka ni kukubali, ikipanda ni kusema, "Ehe, unataka nini?"

Hapa ndipo penye hatari. Kitabu huonyesha maneno, lakini kiimbo hakionekani. Mwanafunzi aliyejifunza Kiingereza kwa macho pekee aweza kuomba radhi kwa sauti ya kuuliza, akahesabiwa kuwa na kiburi, ilhali kosa liko kooni, si moyoni. Basi mwalimu asiharakishe kumwadhibu; amsahihishe.

Zoezi: Wanafunzi wawili wapeane migongo ili nyuso zisionekane. Mmoja aseme "Mvua imenyesha" mara tatu: kwa kuarifu, kwa kuuliza, na kwa kushangaa. Mwenziwe ataje nia aliyoisikia. Kisha wafanye vivyo hivyo kwa "Sorry" na "Yes". Je, ni nia ipi iliyotambuliwa kwa urahisi zaidi, na kwa nini?